Suruali moja ya kijivu: mshono wa nyuma uliofungwa mapema mno

Suruali yenyewe ni ya kitambaa cha suti, kijivu, mchanganyiko wa poliesta na viskosi. Imekatwa kwa kiuno cha inchi 32. Aliyeishona ni kijana aliyeivaa, kwa cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na shangazi yake. Ukiitandaza mezani huoni baya: mishono imenyooka, mifuko ya pembeni inalingana, miguu haijapinda. Ndiyo maana nimeona kisa chake kinafaa kuchambuliwa kirefu. Suruali iliyokatwa vibaya haina cha kumfundisha mtu zaidi ya kukata upya. Hii kwa sehemu kubwa ilikatwa vizuri, ikashonwa vizuri, ikaharibikia kwenye kumalizia.

Aliingia kibandani, akanisalimu, akaitoa kwenye mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nini tena?"

"Nimeshona mwenyewe. Kila anayeiona ananiuliza nimeshonewa na nani, na sioni kama wananisifu."

Malalamiko yake yalikuwa haya. Pindo la chini lina mawimbi na uzi unaonekana nje. Kiuno kimekuwa kidogo, na fundi mmoja aliyempelekea akamwambia hakiongezeki. Zipu imevimba kama ina kitu ndani. Halafu lile lililomleta mbio: alipopanda bodaboda, mshono wa nyuma uliachia. Alinieleza yote kama mambo manne tofauti. Mimi niliigeuza suruali nje ndani, na nilipoona ule mstari mnene wa ovaloki, zile nyuzi za kuzuia ukingo wa kitambaa usifumuke, ukipanda kutoka kati ya miguu hadi kiunoni, niliona kosa kubwa ni mpangilio wa kazi.

Ovaloki ya jirani

Mtaani kwetu, hapa Tanga, si kila fundi ana mashine ya ovaloki. Mmoja anayo, wengine tunampelekea na kumlipa. Fedha si nyingi, ila kuna kwenda, kuna foleni, na siku umeme umekatika kuna kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtu anafanya hesabu rahisi: nishone nguo yote iishe, niipeleke ovaloki mara moja, niirudishe, niweke pindo, basi.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa suruali za namna hii. Nguo ikishaunganishwa, mwenye ovaloki hana namna ila kupiga kingo mbili pamoja. Mshono hauwezi tena kufunguliwa kwa pasi ukalala huku na huku. Unabaki umeegemea upande mmoja, tabaka mbili za kitambaa pamoja na nyuzi za ovaloki, na ukipiga pasi kwa nje unachora tuta refu kwenye paja. Tena mashine ile ina kisu. Fundi aliyechoka akiona ukingo haujanyooka anaunyoosha kwa kuukata, na akiba ya mshono, kile kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, inaondoka nao.

Kwa fulana haidhuru. Kwa gauni la kitenge la kuvaa nyumbani, haidhuru. Kwa suruali ya kitambaa cha suti ni hasara, na ya kujitakia, kwa sababu dawa yake haina gharama ya ziada: vipeleke vipande ovaloki kabla ya kuviunganisha. Mbele mbili, nyuma mbili, na vile vidogo vya mlango wa zipu. Mwambie mwenye mashine asikate, apite ukingoni tu. Ukingo wa juu, kiunoni, uache kama ulivyo maana utafunikwa na mkanda wa kiuno. Safari inabaki ileile moja. Umeisogeza mbele tu.

Asiye na ovaloki karibu asikate tamaa. Cherehani yenye zigizaga inatosha. Isiyokuwa nayo, kama hii ya shangazi, inaweza kuvisha kingo utepe uliokatwa mshazari kutoka kitambaa chepesi cha pamba. Ni kazi ndefu lakini ndani ya suruali hupendeza kuliko ovaloki yoyote. Kuna pia mshono wa kulaza, ule wa jinzi, ambapo ukingo mmoja unaukunja juu ya mwingine na kushona mistari miwili. Chukua jinzi yoyote ya mtumba, igeuze: mara nyingi utaukuta mshono huo upande mmoja wa mguu, na upande wa pili ni ovaloki. Mguu ukishakuwa bomba, cherehani ya nyumbani haina pa kuingilia kulaza mshono wa pili. Hapo napo ni mpangilio unaoamua.

Nyuma

Nikae hapa zaidi, maana hapa ndipo suruali ilipopasukia, na hapa ndipo mafundi wengi wa kujifunza wenyewe wanapokosea bila kujua kuna njia nyingine.

Kijana alifanya hivi: aliunganisha mguu wa kulia wote, wa kushoto wote, akaingiza mmoja ndani ya mwingine, akashona mshono wa kati kuanzia chini ya zipu, ukapita katikati ya miguu, ukapanda nyuma hadi kiunoni, wote kwa akiba ya sentimita 1. Ovaloki. Kisha akaweka mkanda wa kiuno wa kipande kimoja kuzunguka suruali nzima. Vitabu vingi vya kushona nguo za nyumbani huelekeza hivyohivyo, na kwa suruali ya lastiki ni njia nzuri.

Mafundi wa suti wana njia yao ya zamani. Mkanda wa kiuno unakatwa vipande viwili, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na kila nusu inashonwa kwenye upande wake wakati suruali bado iko wazi nyuma. Zipu imeshawekwa, mifuko imeshawekwa, miguu imeshafungwa. Mshono wa nyuma unafungwa mwisho kabisa, na unapanda moja kwa moja mpaka juu, ukipita ndani ya mkanda wenyewe. Akiba yake haiwi sawa: kiunoni ni sentimita 3 hadi 4 kila upande, inapungua taratibu hadi kufikia sentimita 1 kule chini kwenye mkunjo, pale mshono unapopinda kwenda kati ya miguu. Geuza suruali yoyote nzuri ya suti na utaliona lile pembe la kitambaa cha ziada limelala wazi huku na huku, na mkanda una mshono katikati ya mgongo.

Faida yake unaijua mwenye suruali anaponenepa. Fundi anafumua mshono mmoja tu, anaongeza sentimita 3, anafunga, anapiga pasi. Nusu saa. Kwenye suruali ya kijana wetu mkanda ni mzima na akiba imekatwa na kisu cha ovaloki. Yule fundi aliyesema hakiongezeki hakumdanganya.

Sasa kuachia kwa mshono. Nilimwonyesha kwa kidole: kitambaa hakijachanika hata uzi mmoja, kilichokatika ni uzi wa kushonea peke yake, kwenye sehemu ile mshono unapoacha kushuka na kuanza kupinda kwenda kati ya miguu. Hapo makasi yalipita kwenye kitambaa kwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika. Ukikaa, ukichuchumaa, ukirusha mguu juu ya pikipiki, kitambaa kinarefuka. Uzi ulioshonwa kwa hatua ndefu, yaani sindano ikitoboa mbalimbali, hauna cha kurefusha. Alishona kwa hatua ya milimita 4, ile anayotumia kushonea mapazia, msitari mmoja. Ilikuwa lazima ikatike; bodaboda imesingiziwa tu.

Tulifumua sehemu yote ya nyuma. Nilimwambia apunguze hatua hadi milimita 2 na kidogo, na wakati wa kushona avute kitambaa kwa mikono yote miwili, mbele na nyuma ya sindano, kidogo tu, ili uzi uingie ukiwa na ulegevu wa kufuata kitambaa. Kisha msitari wa pili juu ya uleule wa kwanza. Pale kwenye mkunjo wenyewe nilimpa sindano ashone kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu hatua, inatoka mbele tena. Mshono huo una mzunguko wa uzi chini ya kila hatua, kwa hiyo ukivutwa una pa kutoa. Mafundi wa suti waliushona hivyo kabla cherehani hazijaenea, na wapo wanaoushona hivyo hadi leo.

Akiba ya chini kwenye mkunjo tuliipunguza hadi milimita 7 hivi na kuiacha isimame. Usiifungue kwa pasi hapo. Mtu huhisi kama inakaba, na kweli inakaba.

Kuhusu kiuno, lilibaki jambo moja la kufanya: kupachika kipande. Tulikata pembetatu nyembamba kutoka mabaki, juu sentimita 3 bila akiba, ikichongoka hadi kupotea sentimita 12 chini, tukaiingiza katikati ya nyuma, na mkanda tukaukata nusu na kuuongeza kipande chake. Kiuno kikakaa. Kipande kinaonekana. Sikumficha hilo kabla hatujaanza.

Pindo

Lile pindo lenye mawimbi yeye alidhani ni kosa la cherehani. Nilimpa futi na karatasi apige hesabu mwenyewe.

Mguu wa suruali hii umechongoka. Gotini mzunguko ni sentimita 46, chini ni 36, na kati ya goti na chini kuna sentimita 45. Yaani kila sentimita 1 unayoshuka, mguu unapungua kama milimita 2. Akiba ya pindo ni sentimita 4. Wakati wa kukata, aliendeleza msitari uleule wa kuchongoka hadi mwisho wa kitambaa. Sasa kunja pindo kwenda juu. Ukingo wa pindo, uliokuwa chini kabisa, una mzunguko wa sentimita 35 na kidogo. Mguu, pale ukingo huo unapofika, una karibu 37. Unashona kitu cha 35 juu ya kitu cha 37. Kidogo kinavuta, kikubwa kinajikunja, na pasi ya aina gani itaondoa hilo?

Aliiangalia karatasi, akasema, "Kumbe ilitakiwa ipanuke."

Ndivyo. Akiba ya pindo inakatwa kama kivuli cha mguu kwenye kioo: pale mguu unapopungua kushuka, akiba inatanuka kushuka. Njia nyepesi ni kukunja karatasi ya kukatia kwenye msitari wa pindo kabla ya kukata pembeni, ukikunjua umbo linajitengeneza lenyewe.

Kwa suruali iliyokwisha kukatwa kuna ukombozi, kwa bahati. Tofauti ilikuwa chini ya sentimita 2, na mguu una mishono miwili. Kila mshono ukitoa milimita 9, yaani nusu yake kila upande, tofauti inaisha. Tulifumua mishono ya pembeni kuanzia msitari wa kukunjia kwenda chini tu, tukaishona tena ikifunguka kidogo kidogo kwenda nje. Kwa nje huoni chochote. Ndani pindo likalala.

Mfumo wake wa kwanza wa pindo ulikuwa kukunja mara mbili na kushona kwa cherehani. Kwenye kadeti ni sawa, na mimi mwenyewe napenda msitari ule uonekane. Kwenye kitambaa cha suti, kukunja mara mbili kunatengeneza ukuta, na uzi wa nje unaifanya suruali ya arusi ifanane na sare ya shule. Nilimtaka akunje mara moja tu, ukingo ukiwa umeshapigwa ovaloki, kwanza ashikize kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, kisha ashone kwa mkono.

Hapa aliniacha nyuma. Bibi yake hushona kofia za vito, na yeye alikuwa akimsaidia tangu utotoni. Sindano ndogo haikuwa ngeni mkononi mwake. Mshono wenyewe unakwenda kushoto kwenda kulia, lakini ncha ya sindano inaelekea kushoto: unachota kidogo kwenye pindo, unasogea kulia, unachota kwenye suruali, nyuzi zinapishana kama herufi x. Kwenye pindo chota upendavyo. Kwenye suruali chota uzi mmoja wa kitambaa, ikibidi miwili, la sivyo utaona vitone upande wa nje. Usishone kwenye ukingo wenyewe. Ukunjue nyuma kwa milimita 6 hivi, ushone chini yake, ukingo ubaki huru juu ya mshono. Na usivute. Mshono wa pindo uliokazwa ndio unaoacha alama ya vishimo nje, na ndio unaokatika kidole cha mguu kikiingia humo asubuhi mtu akivaa haraka.

Urefu wa pindo unapimwa mwenye suruali akiwa amevaa viatu atakavyovaa nayo. Viatu vile, sio ndala alizokuja nazo. Mbele pindo linapanda kidogo kwa sababu ya mgongo wa kiatu, nyuma linashuka. Tofauti ya sentimita 1 inatosha, na kwenye pindo la sentimita 4 kitambaa cha aina hii kinakubali bila kupachikwa kitu.

Aliniuliza kama tungeweza kuficha yote kwa pindo la nje, lile linalopinduliwa likaonekana. Pindo hilo linakula kitambaa, karibu mara mbili na nusu ya akiba aliyokuwa nayo. Uingereza ilipokuwa vitani, mwaka 1942, serikali ilipiga marufuku pindo la nje kwenye suruali za wanaume ili kubana kitambaa, na watu wakawa wananunua suruali ndefu kuliko miguu yao wakazipindue wenyewe nyumbani. Kwetu kitambaa kilishakatwa. Hapakuwa na cha kupindua.

Jambo moja dogo la kuongeza maisha ya pindo: ndani ya pindo la nyuma, pale kisigino cha kiatu kinaposugua, shona utepe mgumu wa urefu wa kiganja, ukitokeza chini kwa milimita 1 tu. Unalika utepe, suruali inasalimika.

Zipu, mifuko, pasi

Zipu ilivimba kwa sababu alishona mlango wake ukiwa umesimama mkononi badala ya kulala mezani, kitambaa kikavutika na zipu haikuvutika. Mlango haukuwa na kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi kwa ndani. Tulibandika, tukalaza suruali, tukashikiza kwa bandi toka juu hadi chini, ndipo akashona. Chini ya zipu, mshono mfupi wa kukaza, mara kadhaa mahali pamoja, uliopita tabaka zote. Bila huo, zipu nzuri kuliko zote itafungua mshono wa chini ndani ya mwezi.

Kona za mifuko nazo zinataka kukazwa vilevile. Huko ndiko suruali ya kazi huchanika kwanza: Jacob Davis, fundi wa Reno, Nevada, alipiga riveti za shaba kwenye kona za mifuko, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapata hataza yake. Suti haipigwi riveti. Inapigwa nyuzi, lakini sababu ni hiyohiyo.

Mwisho pasi, ingawa kuiita mwisho ni kosa. Kila mshono unapigwa pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine, ukishavukwa, umeupoteza. Kijana alishona yote kisha akapiga pasi yote siku moja, kwa nje, moto mkali, bila kitambaa cha kuzuia. Paja la kulia likapata mng'ao. Tulijaribu mvuke, kitambaa kibichi cha pamba juu yake na pasi ya kugusa na kuinua. Mng'ao ulipungua lakini haukuisha, kwa sababu poliesta ikishaanza kuyeyuka hairudi. Wakati wa kupiga pasi pindo tuliingiza kipande cha karatasi ya kaki kati ya ukingo wa pindo na suruali, ili ukingo usijichore nje, na tukakandamiza kwenye mkunjo wa chini tu.

Msitari wa pasi wa mbele ungepigwa mapema zaidi kuliko vyote, wakati kipande cha mbele bado ni bapa, ukifuata uzi wa mtande, ule unaokwenda urefu wa kitambaa. Kwenye bapa unauona uzi huo. Kwenye bomba unakisia. Wa kushoto tulibahatika, wa kulia umeegemea nje kidogo kuanzia goti.

Yasiyolazimu

Kuna fundi mwenzangu anayesema kufunga nyuma mwisho ni mapambo ya watu wa suti, na mteja wa kawaida haangalii. Nakubaliana naye kwa nusu. Sare za shule zinazoshonwa kwa rundo, kaptula za lastiki, suruali za kulalia: funga unavyotaka, ovaloki pamoja, mkanda mzima. Mtoto ataiacha kwa urefu kabla kiuno hakijambana. Ila kitambaa cha suti kwa mtu mzima, ambaye mwili wake unabadilika na suruali anatarajia kukaa nayo miaka, sioni kwa nini akiba ile ya sentimita 3 nyuma isiwepo. Kwenye mita 1 na robo aliyonunua, ingetoka kwenye vipande alivyovitupa.

Ya kijivu ataivaa na shati la kuchomoa, lifunike kile kipande cha nyuma. Kabla hajaondoka alikuwa ameshatandaza karatasi zake za kukatia kwenye meza yangu, anachora akiba mpya kiunoni, na mkanda ameukata pande mbili.